Pima Kwanza, Paka Rangi Baadaye

Kila masika ikipita, jiji letu la Dar es Salaam hubaki na swali lilelile: mbona ukuta umeota ukungu na bati halivuji? Swali hilo hupelekwa kwa fundi. Fundi naye, kwa kuwa ameitwa, hana budi kufanya kitu. Anakwangua rangi ya zamani, anapiga puti, anapaka rangi mpya, analipwa na kuondoka. Miezi sita baadaye weusi umerudi palepale, nyuma ya kabati, kwenye pembe ya chumba cha watoto, na kanzu iliyotundikwa humo inanuka uvundo. Mwenye nyumba anatafuta fundi mwingine.

Sina ugomvi na mafundi. Ninachokisema leo ni kwamba tunatibu ugonjwa ambao hatujaupima. Unyevu wa ndani ya nyumba unapimika, na kifaa cha kuupimia ni kidogo kuliko kiganja. Bei yake haifiki ndoo ya rangi. Kinaitwa haigromita, na wapo wengi kati yenu mnaokijua vizuri, maana kimo ndani ya mashine za kutotolesha vifaranga. Mfugaji anajua kwamba siku 18 za mwanzo mayai yanataka unyevu wa asilimia 55 hadi 60, na siku tatu za mwisho inabidi upande, la sivyo kifaranga kinanasa kwenye ganda. Anachungulia ile namba asubuhi, mchana na usiku. Lakini chumba wanacholala wanawe mwenyewe hajawahi kukipima hata mara moja.

Hebu tuielewe namba yenyewe, maana ukiisoma vibaya itakupotosha kuliko kutokuwa nayo. Asilimia unayoiona kwenye kioo cha haigromita ni ulinganisho. Inakwambia hewa imebeba maji kiasi gani ukilinganisha na kiasi ambacho ingeweza kubeba kwa joto la wakati ule. Hewa ya moto hubeba mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Hewa ya nyuzi 24, katika mita moja ya ujazo, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 22 hivi za mvuke. Joto likifika nyuzi 31, uwezo huo unapanda hadi gramu 32.

Sasa chukua siku ya Aprili isiyo na mvua. Saa kumi na mbili asubuhi, barazani, joto ni nyuzi 24 na haigromita inasoma 95. Saa nane mchana joto limefika nyuzi 31 na haigromita inasoma 65. Atakayetazama namba hiyo peke yake atasema hewa imekauka. Piga hesabu: asubuhi ilikuwa na gramu 21 kasoro kidogo, na mchana ina gramu 21 kasoro kidogo. Maji ni yaleyale, kilichobadilika ni joto.

Ingia sasa chumbani alfajiri hiyohiyo, watu wanne wamelala, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu na wezi. Joto nyuzi 28, haigromita inasoma 85. Mwenye chumba analinganisha: nje 95, ndani 85, kwa hiyo ni afadhali nisifungue dirisha. Hesabu inasema kinyume. Hewa ya chumba kile ina gramu 23 za maji, ya nje ina chini ya 21. Ukifungua, maji yanatoka. Ndiyo maana nawaomba msinunue haigromita isiyo na kipimajoto. Bahati nzuri, vile vidogo vya kidijitali vinavyouzwa Kariakoo huwa na vyote viwili kwenye kioo kimoja. Soma namba zote mbili, ndani na nje, kwa saa ileile.

Kupima unyevu si jambo la jana. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu kifaa alichokitengeneza kwa unywele wa binadamu. Unywele hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika ikikauka. Badiliko lote, kutoka ukavu kabisa hadi unyevu kabisa, halizidi sana asilimia 2 ya urefu wake, lakini linatosha kusogeza mshale. Watu wa hali ya hewa wana njia nyingine ya zamani: vipimajoto viwili kando kwa kando, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa kilicholowa. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanachukua joto, namba inashuka, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, hakuna kinachokauka, na vipimajoto vyote viwili vinasoma sawa. Ndiyo sababu mtungi haupozi vizuri wakati wa masika.

Vifaa vya kidijitali vya bei nafuu vina kasoro yake: vinaweza kukosea kwa asilimia 3 hadi 5, na hewa yetu ya bahari pamoja na vumbi huvizidishia makosa kadiri vinavyozeeka. Lakini cha kuvisahihisha kipo jikoni kwako. Chumvi safi ya pakiti ina mpaka wake, nao ni unyevu wa asilimia 75. Hewa ikiwa chini ya hapo, chumvi hubaki kavu. Ikizidi, chumvi huvuta maji kutoka hewani ikaanza kulowa. Kina mama mnaoona chumvi imeganda kwenye kopo mwezi wa nne, mmeshapima unyevu bila kujua. Jikoni mwenu umevuka 75. Chumvi ya mawe hulowa mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyomo, kwa hiyo kwa kazi hii tumia ya pakiti.

Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi, dondoshea matone machache ya maji ilowe tu, isielee. Kiweke pamoja na haigromita ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, uliache kivulini usiku na mchana mzima. Hewa iliyofungiwa mle itatulia kwenye 75. Kifaa kikisoma 70, andika mgongoni mwake kwa kalamu: ongeza 5. Sasa una kipimo unachoweza kukiamini.

Mpaka huohuo wa chumvi ndio unaotumiwa na wakulima kwa mahindi. Mahindi yanatiwa kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, inatikiswa, kisha inaachwa kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, hayafai kuwekwa ghalani. Hili si jambo la shambani tu. Wengi hapa mjini tunaletewa gunia kutoka nyumbani, tunaliegemeza kwenye ukuta wa stoo isiyo na dirisha. Kuvu wanaotoa sumukuvu wanapenda joto na unyevu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mikoa mikavu kuliko Dar es Salaam. Gunia liinue juu ya mbao, litenge na ukuta, na haigromita iwe karibu yake.

Turudi chumbani. Maji yaliyomo ndani ya nyumba yanatoka wapi? Mengine yanakuja na hewa ya pwani, hatuna la kufanya. Lakini mengi tunayaleta wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa kwa pumzi na ngozi. Wanne wakilala kwa saa nane, hiyo ni zaidi ya lita moja ya maji, imemwagwa hewani ndani ya chumba kimoja. Beseni la nguo zilizokamuliwa kwa mkono na kuanikwa kwenye kamba ya chumbani kwa sababu ya mvua linaongeza lita mbili au zaidi.

Halafu kuna gesi. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa mkaa na kuni umeharibu mapafu ya kutosha, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Ila mkaa tulikuwa tunaupikia uani, na gesi tumeiingiza ndani. Gesi ya mtungi ikiungua huungana na oksijeni ya hewa na kutoa maji, na kila kilo moja hutoa zaidi ya kilo moja na nusu. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umeshaingiza nyumbani lita 9 hivi za maji, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Kwa mpangaji wa chumba na sebule anayepikia pembeni mwa kitanda, maji hayo yanaishia kwenye godoro na kwenye nguo. Pika na gesi, lakini mahali penye dirisha, na dirisha liwe wazi mpaka robo saa baada ya kuzima jiko.

Nikisema dirisha, inanibidi niseme jambo linaloniuma. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, zile za Magomeni na Temeke ya zamani, ilijengwa na watu walioujua upepo. Ukumbi umenyooka kutoka mlango wa barazani hadi mlango wa uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na juu ya kuta palikuwa na nafasi kabla ya paa. Kusi ikivuma inapita, kaskazi ikivuma inapita. Leo tunajenga nyumba nzuri kwa macho, dari la gipsam limezibwa pande zote, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma, hata ulifungue vipi, linakupa nusu tu ya ukubwa uliolipia. Tia na wavu wa mbu uliojaa vumbi, inabaki robo ya upepo. Luva za vioo tulizozidharau kuwa za kizamani zilikuwa zinafunguka karibu zote. Anayejenga sasa na asikie: chumba kiwe na matundu mawili ya hewa katika kuta mbili tofauti, na juu ya dirisha rudisheni matofali ya matundu. Wavu ule ufueni kila mwezi.

Juu ya dari kuna tatizo ambalo limewatia watu hasara ya mabati bure. Usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, bati hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa nyumba uliopanda kupitia nyufa za dari unaligusa, unageuka matone, matone yanadondoka juu ya gipsam. Asubuhi kuna mduara wa kahawia. Fundi anaitwa kutafuta tundu, hakuna tundu. Swali la kujiuliza ni jepesi: jana usiku mvua ilinyesha? Kama haikunyesha na dari limelowa alfajiri, hilo ni jasho la bati. Dawa yake ni matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa pande zote mbili, upepo upite darini, na kuziba nyufa zinazopandisha mvuke kutoka jikoni na bafuni.

Kiyoyozi nacho kina mambo yake. Kikiwashwa kinakausha hewa kweli, lile bomba linalodondosha maji nje ni ushahidi. Shida huanza mtu anapokishusha hadi nyuzi 20 usiku kucha, kuta zikapoa, kisha asubuhi akazima na kufungua mlango. Hewa ya nje yenye gramu 21 inaingia na kukutana na ukuta wa nyuzi 21 au 22, ambako hewa haiwezi kubeba hata gramu 20. Ziada inabaki kwenye ukuta, kwenye vigae, nyuma ya kabati. Weka nyuzi 25 au 26, funga mlango kikiwa kinafanya kazi, na ukikizima acha kuta zipate joto kwanza kabla ya kufungua. Umeme nao utapungua.

Sasa namba gani tuitafute? Vitabu vya Marekani vinasema chini ya 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50. Ushauri huo ni mzuri kwa nyumba zao. Hapa pwani, bila kiyoyozi, kuutafuta unyevu wa 50 mwezi wa nne ni kujitesa. Mimi nashika namba mbili. Chini ya 70, lala usingizi. Ikivuka 80 na kukaa hapo siku kadhaa, iwe chumbani au ndani ya kabati, ukungu utaota, ni suala la muda tu. Kati ya hizo mbili, chunguza. Na upime mahali penye shida, si katikati ya sebule. Iache haigromita nusu saa ndani ya kabati lililofungwa, kisha nusu saa nyuma ya kitanda. Iepushe na jua, jiko na upepo wa feni. Mara nyingi utakuta chumba kina 72 na kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje lina 84. Hapo hujahitaji rangi. Umehitaji kulisogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, kuacha milango yake wazi mchana, na kutoa nguo juani kila jua linapotoka. Wazee wa pwani waliofukiza nguo kwa udi walikuwa wanazitia harufu nzuri, na pia wanazikausha kwa joto la makaa.

Na kama ukuta wenyewe ndio umelowa, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi imevimba na chumvi nyeupe imetoka? Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani ya nailoni, ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa upande wa nje, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho kinakata mabishano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Kwenye maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani, ambako maji ya ardhini yako karibu, na kwenye mabonde yaliyofurika kama lile la Msimbazi katika mafuriko ya Desemba 2011, ukuta unaweza kukaa na maji kwa miezi mingi baada ya mafuriko. Hata nyumba mpya ina maji yake: mita moja ya ujazo ya zege huchanganywa na lita 150 hadi 200 za maji, na si yote yanayogeuka kuwa zege. Kuharakisha rangi ya mafuta juu ya lipu mbichi ni kuyafungia ndani.

Kuhusu ukungu wenyewe: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, limeeleza uhusiano wake na pumu na maradhi mengine ya kifua. Mtoto anayekohoa kila usiku kwenye chumba chenye pembe nyeusi apelekwe hospitali, na pembe ile ishughulikiwe. Jiki itafuta weusi, lakini hewa ikibaki 85 utarudi. Na tafadhali, jiki isichanganywe kamwe na dawa kali ya chooni. Mvuke wake ni sumu.

Kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Hati yenye tarehe ya mwaka 1728, ya Utendi wa Tambuka, imo miongoni mwa hati za kale kabisa za Kiswahili zilizobaki, ingawa watu wa pwani walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu kabla ya hapo. Unyevu na wadudu vimetula urithi mwingi. Hati zilizookolewa, nyingine zikiwa zile zilizokusanywa na mtafiti J. W. T. Allen na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ziliokolewa kwa sababu mtu alizitoa majumbani kabla hazijaoza. Nyumbani kwako kuna leseni ya makazi, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, picha za marehemu bibi. Vitie kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na haigromita ndogo ndani. Namba ikipanda kuelekea 60, badilisha vifuko.

Mpangaji, ukipelekwa na dalali kuona chumba, nenda na haigromita mfukoni, iache kabatini mnapoongea bei, kabla hujatoa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba, ukilalamikiwa ukungu, pima pamoja na mpangaji wako. Na wewe unayejenga Chamazi, Toangoma au Bunju, nakuomba siku ya msingi usiende kazini. Simama pale mpaka uone kwa macho yako nailoni nzito imelazwa chini ya zege la sakafu na juu ya msingi, kabla tofali la kwanza la ukuta halijawekwa. Ikikosekana hapo, hakuna rangi itakayoifidia.